Sura ya Sita: Aliyepokea Hakuuliza

Muuaji wa Edgar Allan Poe anaanza kwa kukana. Katika "The Tell-Tale Heart", hadithi fupi iliyochapishwa Boston Januari 1843, yeye mwenyewe ndiye anayesimulia, na kabla hatujajua alichofanya ameshatuambia kwamba mzee aliyemuua hakuwa amemkosea kitu, kwamba alimpenda, na kwamba dhahabu ya mzee huyo hakuwa na haja nayo. Kilichomnyima usingizi ni jicho. Mzee alikuwa na jicho moja la buluu iliyopauka, lenye utando juu yake, jicho la tumbusi, na kila lilipomtazama msimulizi damu ilimsisimka. Usiku saba mfululizo anafungua mlango wa chumba polepole, anapenyeza mwanga wa taa, analikuta jicho limefumba, anaondoka zake. Usiku wa nane analikuta wazi.

Wasomaji wengi huipita ile dhahabu bila kusimama, wakikimbilia jicho. Msomaji wa Chunya hawezi kuipita. Katika wilaya hii ya machimbo ya dhahabu, ukisikia mtu kauawa na ndani ya nyumba mlikuwa na dhahabu, kijiwe kimeshahukumu kabla gari la polisi halijafika. Mtu anayemuua mwenye dhahabu kisha akaiacha ilipo, eti kisa jicho, ataonekana mwongo, au ataambiwa ametumwa. Neno hilo la pili ndilo lenye kazi katika sura hii, kwa sababu nadhani msomaji wa Chunya ameona kitu ambacho Poe alikificha kwa makusudi.

Poe hakukiokota kisa chake hewani. Wachambuzi wake wengi hukirudisha Salem, Massachusetts, Aprili 1830, ambako Kapteni Joseph White, tajiri wa miaka 82, aliuawa usiku kitandani mwake. Aliyempiga ni Richard Crowninshield, na Crowninshield hakuwa na ugomvi wowote na mzee. Alikodiwa na ndugu wawili, Joseph na John Francis Knapp, waliokuwa wakipiga hesabu ya urithi: Joseph alikuwa amemwoa mwana wa ukoo wa White na aliamini wosia ukipotea fungu la mkewe litanenepa. Crowninshield alijinyonga mahabusu. Ndugu wote wawili wakanyongwa kwa hukumu ya mahakama. Mwanasheria Daniel Webster, aliyesimama upande wa mashtaka, alitoa hotuba iliyochapishwa na kusomwa nchi nzima, akieleza jinsi siri ya damu inavyomkalia mwenyewe kooni mpaka imtoke. Mapigo ya moyo wa maiti chini ya mbao za sakafu, yanayomfanya muuaji wa Poe apige kelele mbele ya polisi watatu, yanafanana sana na mawazo ya hotuba ile.

Salem, basi, kulikuwa na watu wenye shida ya pesa, kulikuwa na aliyelipwa, na kulikuwa na mzee. Poe akaitoa pesa. Akawatoa walioagiza. Akabakiza wawili katika nyumba moja, mmoja ana jicho, mwingine hawezi kulivumilia. Hadithi za kigothi zilizomtangulia, tangu Horace Walpole na *The Castle of Otranto* ya 1764, zilikuwa na ngome, warithi wa uongo na ardhi iliyoporwa. Mauaji ya humo yalikuwa na faida kwa mtu fulani. Poe aliipunguza ngome ikawa chumba, na sababu ya kuua akaipunguza ikawa kiungo kimoja cha mwili. Tangu hapo, tukisema hadithi fupi ya kigothi, tunamwona mtu mmoja, usiku, na wazo moja lililomganda akilini.

Madaktari wa Ufaransa walikuwa wameshalipa wazo la aina hiyo jina: monomania. Mtu ni mzima katika mambo yote, anakula, anahesabu pesa, anasalimia watu, ila kwa jambo moja akili yake imekwama. Mahakama zikaanza kusumbuka. Mwezi uleule ambao hadithi ya Poe ilitoka, Januari 1843, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond jijini London, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini kwamba chama cha Tory kilikuwa kinamwandama. Hakupatikana na hatia kwa sababu ya wazimu, watu wakapandwa na hasira, na Bunge la Mabwana likawaita majaji waeleze ni nani hasa wa kuitwa mwendawazimu mbele ya sheria. Majibu yao yalisafiri na himaya. Yako hata kwetu: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, bado inauliza karibu kilekile walichouliza majaji wale, kama mtu kwa maradhi ya akili alishindwa kuelewa anachofanya, au kujua kwamba hakifai. Msimulizi wa Poe angeanguka katika mtihani huo, kwani kila alichofanya alikijua. Anajisifu jinsi alivyoukata mwili juu ya beseni bila tone kuanguka.

Kabla ya jicho Poe alikuwa ameshaandika meno. "Berenice" ilitoka Machi 1835 katika jarida la *Southern Literary Messenger*, na wasomaji wakamlalamikia mhariri. Egaeus, kijana anayeweza kukodolea macho herufi moja ya kitabu saa nzima, anamposa binamu yake Berenice. Binti anaugua, anakonda, uso unabadilika, lakini siku moja anatabasamu na Egaeus anayaona meno. Kuanzia siku hiyo Berenice hayupo tena. Yapo meno. Binti anazikwa, usiku kijana anaamka akiwa na matope nguoni, jembe liko ukutani, na kisanduku kinamponyoka mkononi, kikamwaga vifaa vya daktari wa meno na vitu vidogo vyeupe 32. Kaburi limefukuliwa, na aliyekuwa ndani yake alikuwa bado anapumua. Mimi naiona hii kuwa hadithi mbaya kwa ufundi, imejaa maneno mazito kupita kiasi, lakini hakuna iliyoonyesha waziwazi zaidi jinsi uchu unavyofanya kazi: unamkata mtu vipande machoni kabla ya kumkata kwa chuma.

Nyanda za Juu Kusini zinakijua kitendo hicho. Wajerumani waliiteka Kalenga Oktoba 1894, na kwa karibu miaka minne baadaye wakamsaka Mkwawa, mtawala wa Wahehe, katika milima ya Uhehe, Tom von Prince akiwa mbele, zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imetangazwa. Tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, Mkwawa alijiua asikamatwe. Wala hilo halikuwamaliza hamu. Kichwa kilikatwa, fuvu likaenda Ujerumani, likaandikwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na likarudi Kalenga mwaka 1954 mikononi mwa Gavana Edward Twining. Mkwawa hakuuawa na waliomfuata, kwa hiyo kisa chake si cha sura hii kwa ukamilifu. Nakitaja kwa ajili ya ile zawadi. Prince alikuwa na uchu. Sajini aliyeufikia mwili kwanza alikuwa na hesabu ya rupia kichwani. Kichwa kimoja kilitakiwa na watu wawili kwa sababu mbili tofauti, na ndivyo ilivyokuwa Salem kabla Poe hajaifagia.

Twende sasa kwenye machimbo. Ukitoka Mbeya kupanda Kawetere na kushuka upande wa pili, kilomita 70 hivi hadi Chunya, baridi inabaki mlimani na unaingia kwenye miombo, joto na vumbi jekundu. Dhahabu ya Lupa, jina la eneo hili la machimbo, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, kwanza ile ya kwenye mchanga wa mito. Uingereza ilipoachana na kiwango cha dhahabu mwaka 1931 na Marekani ikapandisha bei hadi dola 35 kwa wakia mwaka 1934, watu wakamiminika: Wazungu waliofilisika na mdororo wa uchumi, Wahindi wenye maduka, na maelfu ya vibarua kutoka Unyakyusa, Ukinga na Ubena. Mji wa Mbeya wenyewe ulinenepa kwa jasho la Lupa. Mgodi wa New Saza ulifunguliwa 1939, ukawa wa pili kwa ukubwa Tanganyika baada ya Geita, ukafungwa 1956. Kampuni ziliondoka, wachimbaji wadogo wakabaki, na Matundasi, Makongolosi, Itumbi na Sangambi hayajawahi kunyamaza kabisa. Mwaka 2019 serikali ilifungua soko la dhahabu Chunya, na leo wilaya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa nchini.

Mtu ambaye hajakaa machimboni anadhani tamaa ya dhahabu ni tamaa ya pesa. Inaanza hivyo. Lakini angalia duara, yaani shimo la kuchimbia, linavyoendeshwa. Mwenye duara analisha vijana wake, ananunua baruti, magogo ya kuzuia kuta, mafuta ya kuvuta maji. Vijana hawana mshahara. Wanasubiri mawe, wagawane. Mawe yakitoka yanakwenda kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa, zebaki inakusanya chembe. Yasipotoka, miezi sita imekwenda na deni liko dukani. Tena mishipa ya jiwe lenye dhahabu haina adabu: inajikunja, inakatika, inatokea tena pembeni. Duara lako halitoi, la jirani, hatua ishirini tu, linatoa mpaka anajenga ghorofa Mbeya. Mlianza siku moja, mna leseni sawa, mnachimba kwa sururu za duka moja. Kwa nini yeye?

Swali hilo ndilo linalomganda mtu. Jiolojia ina jibu lakini halilali na wewe usiku. Jibu linalozungumzwa kwenye mabanda ya chai ni ndagu. Jirani ana ndagu, dawa ya utajiri, na ndagu ina masharti. Kwa sehemu kubwa masharti ni ya kuchekesha kuliko ya kutisha: usioge siku kadhaa, usivae viatu ukishuka, leta kuku wa rangi fulani. Wachimbaji wengi huishia hapo, na wengi zaidi hawaendi kabisa, wanasali Jumapili au Ijumaa na kuchimba Jumatatu. Haki yao isemwe kabla sijaendelea. Ila masharti hupanda bei kadiri duara linavyozidi kukataa.

Ni E.T.A. Hoffmann, si Poe, aliyeandika hadithi ya kigothi inayomfaa mtu wa dhahabu. "Das Fräulein von Scuderi" ya 1819 inatupeleka Paris ya mwaka 1680, wakati wa Louis wa Kumi na Nne. Usiku vijana wa tabaka la juu wanachomwa kisu wakiwa njiani kwenda kwa wapenzi wao, na vito walivyobeba vinatoweka. Fundi bora wa dhahabu mjini ni René Cardillac, mzee mwaminifu asiye na doa. Kumbe ndiye. Mchana anaikabidhi kazi yake kwa mteja na kupokea malipo. Usiku anamfuata, anamuua, anaichukua. Haiuzi tena. Anairudisha kabatini na kuiandikia jina la mwenyewe. Cardillac alilipwa tayari, kwa hiyo pesa hazimwelezi. Hoffmann anaongeza kisa cha mama yake aliyetamani mkufu wa vito akiwa na mimba yake, na nadhani angeweza kukiacha, maana Cardillac anaeleweka bila mama. Dhahabu iliyopita mikononi mwake ni yake, na yeyote aliyeibeba ni mwizi.

Tangu mwaka 1999 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulikuwa bado haujagawanywa kuzaa Songwe, ulikuwa na hofu ya wachuna ngozi. Maiti zilipatikana zikiwa zimechunwa. Watu walikamatwa na kushtakiwa, magazeti ya Dar es Salaam na ya nje yakaandika, na habari ikawa kwamba ngozi zinavushwa mpaka wa kusini na magharibi kwa wanaozitaka kwa ajili ya utajiri na kinga ya biashara. Wazazi waliwaita watoto ndani mapema. Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2001, hakulitazama kama masalia ya ushirikina wa kale. Alilisoma pamoja na mageuzi ya uchumi ya miaka ile: nchi iliyokuwa na maduka ya kaya na foleni ilikuwa imefunguliwa soko, kila kitu kikapata bei, na watu wakajiuliza kama kuna kilichobaki kisicho na bei.

Kisha, kuanzia mwaka 2007 hivi, zikaja habari za mauaji ya watu wenye ualbino, zaidi upande wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema wa BBC aliwaendea waganga akijifanya mteja na kutajiwa bei, kisha akalazimika kujificha. Mwaka uleule Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Mwaka 2010 Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington wakachapisha utafiti ulioyaunganisha mauaji hayo na machimbo ya dhahabu na uganga unaouhudumia uchimbaji huo. Jønsson na Bryceson walikuwa wameshafanya kazi Matundasi, hapa Chunya, wakifuatilia maisha ya wachimbaji.

Magazeti ya nje yaliyaandika haya yote kwa mkono wa Poe bila kujijua. Mwanga hafifu, nyumba ya mganga, kisu, watu walioshikwa na imani isiyoelezeka. Picha hiyo ina ukweli mmoja na uongo mmoja. Ukweli ni ule wa "Berenice": aliyeuawa alikuwa ameshageuzwa kipande machoni mwa mtu, akaitwa mkono, akaitwa ngozi, akapangiwa bei kama kipande. Uongo ni upweke. Msimulizi wa Poe anatazama, anatamani, anaua na anaficha, yote peke yake. Huku kazi imegawanywa. Kuna mwenye duara au mwenye duka ambaye jambo lake limekwama, naye hajawahi kumwona marehemu. Kuna mganga anayesema kinachohitajika, naye hashiki kisu. Kuna dalali. Kuna kijana mwenye panga, ambaye mara nyingi hana ndoto yoyote ya ndagu, ana njaa tu na ameahidiwa kiasi fulani. Mwingine ni jirani, mwingine ndugu. Uchu uko kwa mmoja, mkono ni wa mwingine. Ametumwa, kama kijiwe kilivyosema.

Na hapo sheria inapata taabu ambayo majaji wa M'Naghten hawakuifikiria. Wao waliogopa muuaji asiye na akili. Mbele ya hakimu wetu anasimama mtu mwenye akili timamu, aliyeua bila chuki, kwa ujira, na yule mwenye wazo lililomganda hayumo kizimbani. Waliohukumiwa walikuwa zaidi wale walioonekana na majirani, waliokutwa na kiungo kwenye mfuko. Swali lililorudiwa bungeni na magazetini miaka hiyo lilikuwa mnunuzi yuko wapi. Januari 2015 serikali ilitangaza tena marufuku, safari hii dhidi ya wapiga ramli, na waganga zaidi ya mia mbili wakakamatwa katika miezi michache. Ilikuwa hatua ya lazima, na bado iligusa katikati ya mnyororo tu.

Mji mmoja wa Ulaya ulipitia kitu cha namna hii, na ndio uliozaa hadithi ya kigothi inayotufaa kuliko zote. Edinburgh ya miaka ya 1820 ilikuwa na vyuo vya udaktari vilivyohitaji maiti, na maiti halali hazikutosha. William Burke na William Hare walianza kwa kumuuza mpangaji aliyekufa kwa ugonjwa akiwa anadaiwa kodi. Walipata pauni 7 na shilingi 10. Baada ya hapo wakaona hakuna haja ya kusubiri. Katika mwaka mmoja hivi, hadi mwishoni mwa 1828, waliua watu 16, maskini, wageni, walevi, na wote wakapokelewa na chumba cha upasuaji cha Dakta Robert Knox, mwalimu hodari aliyejaza ukumbi. Hare aligeuka shahidi wa serikali. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829, mwili wake ukapasuliwa mbele ya wanafunzi, na kipande cha ngozi yake kikatengenezwa jalada la kijitabu ambacho mpaka leo kiko katika jumba la makumbusho la madaktari wapasuaji mjini humo. Nimeona watu wakisoma habari za Mbeya na kushangaa Afrika. Hawajashuka ngazi za jumba hilo. Sheria ya Anatomia ya 1832 ilifungua njia halali ya kupata maiti, na biashara ikafa kwa kukosa mteja.

Robert Louis Stevenson, mzaliwa wa mji huo, aliiandika "The Body Snatcher" mwaka 1884. Angeweza kuiandika kama Poe, kutoka ndani ya kichwa cha Burke. Hakufanya hivyo. Mhusika wake mkuu ni Fettes, mwanafunzi anayelala karibu na chumba cha kupasulia. Kazi yake ni kuamka alfajiri, kufungua mlango, kupokea mzigo, kulipa. Mwalimu wake, ambaye Stevenson anamtaja kwa herufi moja tu, K, amemfundisha kutouliza. Alfajiri moja mzigo unafunuliwa na Fettes anamtambua msichana aliyekuwa akitaniana naye jana yake, mzima kabisa. Analipa. Mwenzake Macfarlane baadaye analeta mwili wa Gray, mtu aliyekuwa akimtesa hadharani, na anamtaka Fettes aandike malipo daftarini kama kawaida, ili hesabu zikae sawa. Anaandika.

Hakuna jicho hapa wala mapigo ya moyo. Fettes hana uchu wa chochote. Anataka kumaliza masomo. Hofu ya hadithi nzima imo katika daftari lile, na ni kwa sababu hiyo naiona bora kuliko ya Poe, ingawa Poe ana sentensi kali zaidi. Stevenson anajikwaa mwishoni tu, anapoufanya mwili mmoja ugeuke kuwa mwingine ndani ya gari la farasi, usiku, mvua ikinyesha. Wasomaji wa toleo la Krismasi walitaka zimwi na akawapa.

Fasihi ya Kiswahili ina tabia ya kutowapa. Muhammad Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa 1960, na alianza pale ambapo mwandishi wa kigothi angefurahi: maiti kwenye mzimu wa kale, watu wakinong'ona juu ya pepo. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anawasha kiko chake na kuuliza maswali ya binadamu. Nani alikuwa wapi, nani anafaidi. Faraji Katalambulla katika *Simu ya Kifo*, 1965, akaendelea na polisi wa mjini. Kezilahabi alimfanya Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo*, 1975, aue kwa sababu ya mali iliyotaifishwa, na katika *Kichwamaji*, 1974, alimwingiza msomaji ndani kabisa ya akili ya Kazimoto, lakini Kazimoto anajiua mwenyewe. Katika riwaya hizi mauaji yana sababu unayoweza kuitaja hadharani. Nilidhani kwa muda mrefu kwamba huo ni upungufu, kwamba tunamhitaji Poe wetu. Sasa naona Bwana Msa alikuwa karibu zaidi na ukweli wa Chunya, ila alikuja na dawa ya nusu: anamtafuta muuaji, na muuaji ni mmoja.

Hadithi fupi ya Chunya, siku itakapoandikwa, haina haja ya kumfuata kijana mwenye panga porini. Tayari tunazo picha zake za kutosha. Ingeweza kusimuliwa na mtu wa heshima, mwenye duara lililokataa miaka miwili na likaanza kutoa ghafla mwezi wa saba, mtu anayechangia harusi na kujenga choo cha shule. Aliambiwa alipe kiasi fulani, akalipa. Aliletewa kichupa, akakifukia mdomoni mwa duara. Hakuuliza kilichomo, na hakuna aliyemwambia. Anahesabu gramu zake sokoni kwa sauti ya kawaida. Mwandishi atakayeweza kumpa mtu huyo kurasa kumi bila kumfanya apige kelele mbele ya polisi watatu atakuwa ameandika kitu ambacho Poe hakukiweza.

Edinburgh ilipata bahati ya kumwona mnunuzi wake kwa jina, na hata hivyo haikumfanya kitu. Umati ulichoma sanamu ya Knox nje ya nyumba yake na kuvunja vioo, lakini hakushtakiwa, wala hakuitwa mahakamani hata kutoa ushahidi. Alitetewa na kamati ya watu wa mjini iliyomwona mzembe tu. Aliendelea kufundisha miaka kadhaa, wanafunzi wakapungua, akahamia London, akaandika vitabu juu ya mataifa ya watu na juu ya uvuvi wa samaki, na akafa huko mwaka 1862.